Mafundi wa Kinyasini

Ukitoka mjini Unguja, shika njia ya kaskazini. Utapita minazi na mashamba ya mihogo mpaka ufike Kinyasini. Hapo pana chuo cha mafundi wa umeme wa jua. Wanafunzi wake ni akina mama. Wengine wana wajukuu.

Mafunzo haya yalianzia Tilonia, nchini India, katika Barefoot College, chuo kilichoanzishwa mwaka 1972. Jina hilo maana yake ni chuo cha miguu mitupu.

Kijiji chenyewe ndicho huchagua akina mama wa kwenda kusoma. Kwa nini si vijana? Kijana akipata ujuzi, mara nyingi hukimbilia mjini. Mama ana shamba na watoto, kwa hiyo hurudi nyumbani. Hata asiyejua kusoma hufundishika. Waya hutambuliwa kwa rangi, na kazi hujifunzwa kwa mikono.

Ndugu msomaji, sisi mabwana shamba tumeona mengi. Nimewahi kuona pampu nzuri ya maji imelala nyasini kwa kukosa kipuri kidogo. Walioileta walikwisha ondoka. Fundi alikuwa mjini, na nauli yake ilizidi bei ya kipuri.

Katika mpango huu wenye taa hutoa ada kila mwezi. Fedha hizo humlipa fundi na kununua vipuri. Usiku taa ikizimika, mwenye nyumba hutembea hatua chache tu, akabisha hodi kwa mama fundi.