Filamu Yetu ya Dakika Kumi na Mbili

Mhadhiri alipotutaka tutengeneze filamu fupi kuhusu mwandishi wa Uganda, kikundi chetu kilimchagua Peter Nazareth kwa uvivu tu: riwaya yake, In a Brown Mantle, si ndefu.

Nazareth ni Mgoa aliyezaliwa Kampala mwaka 1940, akasoma Makerere, kisha akaajiriwa katika Wizara ya Fedha. Riwaya ilitoka mwaka 1972. Nchi yake ni ya kubuni, Damibia, na msimulizi ni Mgoa aliyejitosa katika siasa za uhuru akaishia uhamishoni London. Tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, Idi Amin aliwatangazia wanajeshi huko Tororo kwamba Waasia watafukuzwa. Walipewa siku 90. Ndiyo maana wengi humwita Nazareth mtabiri, na sisi tukaipa filamu yetu jina hilo, Mtabiri.

Tulianzia Jinja. Tulipiga picha Main Street asubuhi, kabla jua halijawa kali: majengo ya zamani yenye majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi juu ya baraza. Fundi cherehani mmoja alituuliza kama tumetumwa na wenye nyumba. Tulicheka. Yeye hakucheka.

Kutoka hapo tulipanda taksi ya abiria kumi na wanne hadi Mbale, kwa babu yangu. Nilijua kwamba mwaka 1973 aligawiwa duka la Mhindi na kwamba mwenyewe aliporudi miaka ya tisini alilirudisha. Nyumbani hadithi hiyo husimuliwa haraka, kama kumeza dawa. Nilidhani itatufaa kwa mwisho wa filamu.

Babu alikaa kibarazani, mlima Wanale nyuma yake, picha nzuri kabisa. Nikamweleza habari za kitabu kilichojua mambo kabla hayajatokea.

"Kilijua nini?" akauliza. "Mimi nilikuwa nabeba magunia katika duka lile. Kabla Amin hajasema neno, jioni sisi vibarua tulikuwa tunakaa tunayagawana maduka kwa mdomo. Wewe chukua la vitambaa, wewe chukua la baiskeli. Mchezo."

"Wewe ulichukua lipi, babu?"

Akanyamaza kidogo. "Zima hiyo simu kwanza, mjukuu wangu."

Mwenzangu akazima.

"Lilelile la tajiri wangu," akasema. "Na alinisikia. Alikuwa ndani, anahesabu pesa."

Tangu siku hiyo silipendi neno mtabiri. Linamfanya Nazareth aonekane kama mganga aliyepiga ramli, ilhali nadhani kazi yake ilikuwa ngumu zaidi: kuyasikia yaliyokuwa yakisemwa waziwazi, ofisini na kwenye baa, na kuyaamini. Tena linatusafisha sisi wengine. Likitabiriwa, basi lilikuwa lije tu, na babu yangu hakuwa na mkono wowote.

Katika filamu, dakika ya tisa, picha inakuwa nyeusi na unasikia kuku tu, kwa sababu kinasa sauti kilichokuwa mezani tulikisahau kikiwaka. Maneno ya babu niliyakata mwenyewe. Mhadhiri aliuliza kulikoni hapo. Nilimjibu kwamba betri ya simu iliisha, akatukata alama tatu.