Fikra ya Mwanafunzi Jukwaani

Kazi yangu ya ualimu imefuata kalenda ya drama kuliko kalenda ya mitihani. Kabla mwaka haujaisha, mswada huwa umeanza kutafutwa. Muhula wa kwanza ukifunguliwa, mazoezi hujaza jioni na Jumamosi, kisha mashindano hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, hadi kanda, na mwezi wa Aprili tamasha la kitaifa hukusanya washindi wa Kenya nzima. Wachache kati yao huigiza tena mbele ya Rais. Kalenda hiyo nimeitumikia nikiwa mlezi wa chama cha drama, nikiwa mwelekezi, na miaka ya mwisho nikiwa jaji, na katika nafasi zote tatu swali moja halikuniachilia: tunapomkabidhi mwanafunzi kombe, tunamtuza kwa lipi? Tunamtuza kwa mwili na sauti yake, nayo ni kazi kubwa. Fikra iliyomo katika igizo, hata hivyo, mara nyingi si yake, na tamasha la shule lisiloitafuta fikra hiyo limeacha nusu ya wajibu wake.

Kila mwalimu wa drama anajua mambo yanavyokwenda. Shule inayotaka kufika kitaifa humtafuta mtunzi aliyekwisha kushinda, naye huleta mswada uliokamilika, pengine pamoja na mwelekezi wake. Mwanafunzi hukutana na igizo siku ya kugawiwa nafasi. Sidai kwamba hapati kitu. Msichana asiyezungumza darasani hujifunza kuifikisha sauti yake hadi viti vya nyuma, hujifunza kumsikiliza mwenzake jukwaani badala ya kungoja zamu yake tu, na mafunzo hayo hudumu kuliko cheti. Lakini tazama tuzo zenyewe: ya mswada humwendea mtu mzima, ya uelekezi humwendea mtu mzima, na mwanafunzi hubakiwa na ya uigizaji. Tena, kwa kuwa mtunzi mmoja huweza kuziandikia shule kadhaa, jaji husikia utani ule ule na mgogoro ule ule ukitoka katika vinywa vya shule tofauti, na vijana walio mbele yake hawaonekani popote katika maneno wanayoyasema.

Tamasha la kitaifa lilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya ukoloni, na kwa muda mrefu jukwaa lilitawaliwa na tamthilia za Kiingereza kutoka ng'ambo. Miaka ya 1970 mambo yalibadilika, na wakaguzi wa drama wa Kiafrika kama Wasambo Were walichangia sana hadi shule zikaanza kuleta maigizo yaliyotungwa hapa, juu ya maisha ya hapa. Hoja iliyoshinda wakati ule ilikuwa kwamba mtoto wa Kenya hawezi kukua kisanaa kwa kukariri dunia ya mwingine. Hoja hiyo haikufika mwisho wake. Tulimwondoa mtunzi wa mbali, tukamweka mtunzi wa karibu, na mwanafunzi akabaki pale pale.

Yaliyotokea katika tamasha la kitaifa, Nakuru, tarehe 10 Aprili 2025 yaliniimarisha katika imani kwamba mswada unapaswa kuwa wa mwanafunzi mwenyewe. Wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walikuwa na igizo la *Echoes of War*, na Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuliigiza. Mtunzi wao, Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega, alikamatwa mkesha wa onyesho. Wasichana walipoitwa jukwaani hawakuigiza. Waliimba wimbo wa taifa, wakatoka. Waliolipinga igizo walisema wanafunzi wametumiwa na mwanasiasa. Siku hiyo polisi walirusha vitoa machozi palipokuwa na watoto; hakuna hoja inayoweza kuhalalisha jambo hilo, na nalisema hilo bila kusita. Ila shutuma ya kutumiwa ingekosa pa kushika kama mswada ungekuwa wa wasichana wenyewe. Na kitendo ambacho hakikuwa katika mswada wowote ndicho kilichoonyesha kwamba walikuwa na la kusema.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba vijana wakiachiwa siasa watapotoka. Lakini vijana hao hao walitahiniwa kwa miaka kadhaa katika *Kigogo* ya Pauline Kea, tamthilia ya mtawala dhalimu, Majoka, na wananchi wanaompinga. Anayeweza kuandika insha juu ya Majoka katika mtihani wa KCSE anaweza kutunga onyesho juu ya yale anayoyaona kijijini kwao. Pingamizi lililo zito zaidi ni la ubora: mswada wa kidato cha pili utakuwa dhaifu, nayo hadhira inastahili kazi iliyokomaa. Ni kweli utakuwa dhaifu kwa miaka kadhaa. Matukio yatarundikana, wahusika watahubiri, mwisho utakuja kwa kifo cha ghafla. Lakini udhaifu huo ndio mahali mwalimu anapopata la kufundisha, ilhali mswada wa kununua humfanya msimamizi wa mazoezi tu. Tangu Januari 2026, Gredi ya 10 imeingia shule za upili za juu na somo la sanaa za maonyesho na filamu limo katika mojawapo ya mikondo yake. Itakuwa ajabu mwanafunzi ajifunze kutunga asubuhi, kisha jioni akariri maneno ya kununuliwa.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha mpya. Tuzo ya mswada itengewe kazi za wanafunzi, na za watu wazima zipewe kitengo chao. Baada ya onyesho majaji wakae na waandishi vijana, wawaulize kwa nini mhusika fulani alinyamaza katika onyesho la tatu, na alama zitokane pia na majibu. Mtunzi mzoefu aje shuleni Oktoba kufundisha utunzi, badala ya kuja Januari na karatasi zilizopigwa chapa. Malipo yake yanaweza kubaki yale yale.