Kisu Mkononi mwa Jirani

Biblia haioni haya kuzungumza juu ya nyama. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 12, Waisraeli wanaruhusiwa kuchinja na kula majumbani mwao kama vile mtu alavyo paa au kulungu aliyemwinda. Sharti ni moja: damu isiliwe, bali imwagwe ardhini. Walawi sura ya 17 inaongeza jambo dogo ambalo wengi tunalipita haraka. Mwindaji aliyenasa mnyama porini, mahali ambapo hakuna kuhani wala shahidi, anaagizwa aimwage damu kisha aifunike kwa udongo. Hata paa wa porini, ambaye hakufugwa na mtu yeyote, uhai wake unaye mwenyewe, naye ni Mungu.

Hapa Mafia hatuwindi paa. Sheria ya nchi inamkataza mtu kuwinda mnyamapori bila kibali, na si watu wa kisiwa hiki wa kutamani sana nyama ya porini wakati bahari iko mlangoni. Tunachochinja nyumbani ni kuku, na mbuzi siku ya shughuli. Lakini swali ni lile lile la mwindaji wa Walawi: nikichukua uhai ili nile, ninauchukua mbele ya nani? Na kwa kuwa wenyeji wengi wa kisiwa hiki ni Waislamu, nasi Wakristo tu wachache, swali hilo huja na pacha wake: nani ashike kisu?

Nimeishi Kilindoni miaka 14, nikifundisha shule ya msingi. Kwetu ni Machame, Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893 na kulihubiri neno. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa pia mchinjaji hodari, na nilichojua juu ya kuchuna na kukata nyama nilikipata kwake, nikiwa nimeshika mguu wa mbuzi na yeye akiongea taratibu. Wakati wa babu zetu, alisema, mbuzi wa matambiko alizibwa pumzi, damu isipotee. Yeye alitumia kisu, lakini damu aliikinga katika bakuli, ikapikwa kisusio pamoja na nyama ya vipande vidogo. Mchagga anayesoma maneno haya anaijua harufu yake.

Kijana wetu wa kwanza alipofikia kipaimara, kaka yangu mkubwa alishuka kutoka mlimani. Alipanda kivuko pale Nyamisati akiwa na begi moja, na ndani ya begi hilo, kimefungwa kwa kitambaa, kulikuwa na kisu cha baba. Jioni ile alikiweka mezani.

“Kesho hiki ndicho kitachinja,” alisema. “Nawe ndiye utakayeshika.”

Nikamweleza kwamba nimekwisha kumwomba mzee jirani yetu achinje. Ni mzee wa msikiti, tumeishi naye ukuta kwa ukuta tangu tuhamie. Mke wangu alipojifungua usiku wa mvua, bajaji iliyompeleka hospitali ilikuwa ya mwanawe. Nusu ya wageni wetu ni Waislamu: walimu wenzangu, wavuvi wanaotuuzia samaki, akina mama wa kikundi cha kuweka akiba cha mke wangu.

Kaka alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, “Mdogo wangu, mtoto anathibitisha imani yake mbele ya Mungu, halafu nyama ya sherehe yake inabarikiwa kwa dini nyingine. Huoni unachokifanya?”

Si swali la mtu mjinga, wala la mtu mwenye chuki. Tunajua mahali ambapo swali hili limewahi kufika katika nchi yetu. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, mvutano juu ya nani ana haki ya kuchinja uligeuka mapigano, na mchungaji mmoja akauawa. Mtu anayesema kwamba kisu ni jambo dogo hajaishi Tanzania. Kwa hiyo sikumjibu kaka kwa mzaha. Tulikaa hadi usiku, Biblia katikati yetu.

Nilimwonyesha habari mbili za mtume Paulo ambazo zinaonekana kupingana. Katika Matendo sura ya 16, Paulo anamtahiri Timotheo kwa sababu ya Wayahudi waliokuwa sehemu zile. Katika Wagalatia sura ya 2, Paulo huyo huyo anakataa Tito atahiriwe. Tofauti ni nini? Kwa Tito, kulikuwa na watu waliotaka kuifanya tohara kuwa mlango wa wokovu, na Paulo hakuwapa nafasi hata kidogo. Kwa Timotheo hakuna aliyemlazimisha. Paulo alitaka tu kijana yule aweze kuingia katika nyumba za watu na kukaa nao.

“Siku mtu akija na rungu,” nilimwambia kaka, “akasema Mkristo hana ruhusa ya kuchinja mbuzi wake mwenyewe, siku hiyo mimi ni Tito. Lakini huyu mzee hakuja. Mimi ndiye niliyemfuata.”

“Na maneno atakayoyasema?”

Nilimjibu kwa 1 Wakorintho sura ya 10. Wakristo wa Korintho waliambiwa wale kinachouzwa sokoni bila kudadisi, maana dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Mstari wa 32 unawataka wasiwe kikwazo kwa Wayahudi, wala kwa Wayunani, wala kwa kanisa. Watu wa nje wametajwa hapo pamoja na sisi. Dhamiri ya jirani yangu nayo imo katika hesabu.

Asubuhi tulifanya sala ya familia kabla mbuzi hajafunguliwa. Mchungaji alishukuru kwa ajili ya kijana na kwa ajili ya uhai uliokuwa unatolewa. Mzee alikuwa amefika tayari. Alisimama pembeni, kimya, mpaka tukasema amina. Nikamwamkia, “Shikamoo mzee wangu.” Akaitika, “Marahaba, mwalimu. Mbuzi ameshanywa maji?” Kisha akaenda nyuma ya jiko kunoa kisu chake, kwa sababu kwao si adabu mnyama akuone ukinoa.

Tulimlaza mbuzi akielekea kaskazini. Mafia na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja, hivyo kibla ya hapa ni kaskazini moja kwa moja. Niliona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: Yerusalemu nayo iko upande huo. Kaka alishika miguu. Mzee alitaja jina la Mungu, akavuta kisu mara moja, na damu ikaingia katika shimo nililolichimba mchangani.

Kaka alikuwa amesogeza bakuli. Nilimwekea mkono begani. “Kaka, hapa damu hatukingi.”

“Kwa hiyo baba alikuwa mpagani?”

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote ya siku ile, na bado naona linastahili jibu la kweli. Mkutano wa Yerusalemu, katika Matendo sura ya 15, uliwaandikia waamini wa mataifa wajiepushe na damu na nyama ya mnyama aliyenyongwa. Ninavyousoma waraka ule, shida iliyokuwa mbele ya mitume ni kwamba Myahudi na Myunani walikuwa wameanza kula meza moja, na kuna sahani ambazo zingemfanya mmoja wao ainuke. Kule Machame, bakuli la kisusio halikumwinua mtu mezani pa baba. Liliwakusanya watu. Hapa Kilindoni bakuli lile lile lingewaondoa nusu ya wageni. Baba hakukosea. Nadhani yeye mwenyewe, kama angekuwa na jirani huyu, angechimba shimo kubwa kuliko langu.

Kaka hakujibu. Alisukuma mchanga kwa mguu, akaifunika damu.

Tulingoja hadi mbuzi akatulia kabisa, ndipo kazi yetu ikaanza. Tulimtundika miguu ya nyuma kwenye tawi la mwembe kwa kamba ya usumba, na hapo kaka akakifungua kitambaa. Kisu cha baba kilipasua ngozi kutoka mguuni hadi tumboni bila kugusa nyama. Baada ya hapo kisu hakina kazi sana. Ngozi huachanishwa kwa ngumi, kidogo kidogo, mkono mmoja wa ngozi na mwingine wa nyama, manyoya yasiguse. Kaka alifunga koo na njia ya haja kwa uzi kabla ya kushusha matumbo, kama baba alivyotufundisha, na nyongo akaitoa kwenye ini kwa vidole viwili. Vijana wa mtaani walisogea kutazama. Mzee naye alivuta kiti. “Huyu kaka yako fundi,” aliniambia, kwa sauti ambayo kaka aliisikia.

Bwana mifugo alikagua ini, mapafu na moyo, akaturuhusu. Akina mama wa kikundi walikuja na masufuria na miiko yao wenyewe, kwa sababu hawakuwa na hakika ya vyombo vyetu, na mke wangu aliwapisha jikoni bila kununa. Mapaja na mikono vilikwenda kwenye pilau, shingo na mifupa kwenye supu, ini likakaangwa kwa ajili ya wazee. Mbavu alizishika kaka mwenyewe juu ya makaa. Kwa joto la hapa nyama haisubiri kesho. Vipande vilivyobaki vilipakwa chumvi na ndimu vikabanikwa. Mchana watu walikula, mkeka kwa mkeka, na kijana wetu akazunguka na birika na beseni akiwanawisha wageni mikono, Waislamu na Wakristo, kufuata umri.

Kaka yangu hajabadili msimamo. Anasema nimekuwa mtu wa Pwani, na bado tunabishana kwenye simu, kila mmoja na mistari yake. Namheshimu kwa hilo. Imani isiyobishaniwa na ndugu huenda haijagusa kitu anachokithamini.

Lakini nawaomba wapendwa wanaosoma haya, hasa ninyi mlio wachache mahali mlipo kama sisi, mpime mambo mawili kabla ya sherehe ijayo. Kwanza, je, mnakitoa kisu kwa hofu au kwa upendo? Kwa hofu msikitoe, maana hofu itarudi kesho kuomba kitu kikubwa zaidi. Pili, je, nyama ikiiva, nani hataweza kunyosha mkono? Uhuru tulionao katika Kristo ni wa kweli, na mtu aliye huru anaweza kuuweka chini kwa muda ili jirani apate mahali pa kukaa.

Uhai wa yule mbuzi haukuwa wangu, haukuwa wa kaka, wala haukuwa wa mzee. Ulimwagwa mchangani ukarudi kwa Mwenyewe. Sisi tulipewa nyama tu, tuigawane.