Mianzi Saba Niliyoivunja

Leo ninakuandikia kutoka hapa Remba nikiwa na malengelenge kwenye vidole vitatu. Si ya kupiga makofi kanisani. Ni ya jiko la makaa.

Wewe ambaye hujafika huku, jua kwamba Remba ni kisiwa kidogo cha miamba katika Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay. Nyumba ni za mabati, ukuta kwa ukuta. Tunaishi Wakenya, Waganda na Watanzania, na karibu kila shilingi hapa imetoka majini. Wanaume huvua, akina mama hununua na kuuza. Tena kuna lile jambo tunaloliita jaboya: mama hapati samaki mpaka alale na mvuvi, hata akiwa na pesa mkononi. Nililihubiri Jumapili tatu mfululizo. Nilikemea, nikatoa jasho, nikarudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi ya Mungu.

Jumatatu jioni mama mmoja mjane, mshirika wetu, alinijia. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni. Akasema, "Pasta, nimekusikia. Sasa niambie, kesho asubuhi ninunue samaki kwa nani?"

Mpendwa, nilisoma chuo cha Biblia miaka mitatu. Sikuwa na jibu. Nikaomba naye, nikampa shilingi mia tano, akaenda. Mia tano hiyo ilifika Jumatano.

Mama huyo ana kijana wa miaka kumi na minne. Ukipita kwenye miamba asubuhi utamkuta na kijiti kilichopinda kama mkia wa mbwa, akivua fulu. Fulu ni samaki wadogo, huuzwa kuwa chambo kwa wavuvi wa mbuta, wale wanaotega ndoana mamia kwenye kamba moja. (Mbuta aliletwa ziwa hili miaka ya 1950, akawamaliza fulu wengi sana, na mpaka leo tunamnasa kwa tamaa yake ileile.) Nilimtazama yule kijana siku hiyo. Ngege walikuwa mbele kidogo, kwenye kina, na kijiti chake hakiwafikii. Nikamuuliza mbona asitafute fimbo ndefu. Akacheka. "Pasta, inauzwa wapi hapa?"

Basi tukaanza kutengeneza. Mianzi haioti kwenye mawe yetu, ilikuja kwa mashua kutoka Mbita. Huko bara iko. Chuo Kikuu cha Maseno kiliwahi kuwahimiza wakulima wa tumbaku wa Migori, Kuria na Homa Bay waipande badala ya tumbaku. Nililetewa kumi na nane, na yote imepinda. Nikadhani kunyoosha ni nguvu. Nikaweka mwanzi kwenye goti nikavuta. Pwaa! Wa pili, hivyohivyo. Wa tatu niliuweka motoni bila kutoboa vifundo, hewa ya ndani ikapanuka, ukalipuka kama bunduki. Jirani zangu walijitupa chini, nao ni watu ambao hawashtuki ovyo. Nilivunja saba kabla ya kukubali kwamba sijui.

Aliyenifundisha ni fundi mzee wa mashua. Alichukua ubao wa mashua iliyokufa, akaukata mapengo matano kwa msumeno, mapana na membamba, akayavisha mpira wa tairi la baiskeli ili mwanzi usichubuke. Kifaa ndicho hicho, basi. Kwanza unatoboa vifundo kwa waya wa moto. Kisha unauzungusha mwanzi juu ya makaa, si juu ya mwali, mpaka ngozi yake ing'ae na kutoa jasho la mafuta. Hapo umelainika. Unauingiza kwenye pengo linaloutosha, unauvuta polepole kupita kidogo pale unapoutaka, kisha unaushikilia hivyohivyo huku mwenzako akiupoza kwa kitambaa chenye maji. Ukiuachia kabla haujapoa, unarudi ulivyokuwa. Malengelenge yangu ni ya hapo, kwenye kushikilia.

Pete za kupitishia mshipi tulizikunja kutoka kwa spoku za baiskeli, tukizizungushia msumari mnene. Kuzifunga kwa uzi ndiko kulitushinda, kwa maana uzi ukilegea pete inachomoka na samaki wa kwanza. Kijana akapigilia vibao viwili vyenye pengo la umbo la V, fimbo ikalala juu yake ikizunguka. Uzi tukaupitisha katikati ya kurasa za kitabu kinene chenye jiwe juu, ili ukazike wenyewe. Kitabu hicho ni sarufi yangu ya Kigiriki ya chuoni. Haijawahi kusaidia watu wengi namna hii.

Nilipokuwa nimeshikilia mwanzi wa nane nilikumbuka Isaya 42, mstari wa 3. Usome mwenyewe. Nilikuwa nimeuhubiri mara nyingi bila kuwahi kushika mwanzi wenyewe. Nikakumbuka pia Mathayo 17: Petro anatumwa ziwani na ndoana, si wavu, kwa sababu kuna deni la kulipa. Katika Injili zote nne ni hapo tu samaki anavuliwa kwa ndoana.

Sitakudanganya kwamba fimbo zimemaliza jaboya. Zipo saba. Siku nzuri kijana anarudi na ngege wa kutosha mama yake kukaanga na kuuza, na pesa za chambo juu. Siku ya upepo harudi na kitu, na siku hizo simuulizi mama alinunua wapi.

Lakini Jumapili iliyopita nilisimama bila kufungua Biblia kwanza. Nikawaambia akina mama kwamba Jumapili zile tatu niliwakemea wao, na wanaume wenye mashua, waliokuwa wameketi mstari wa mbele, sikuwatazama hata mara moja. Nikaomba msamaha. Wanaume wawili walitoka nje. Kukawa kimya kirefu, mpaka mama mmoja wa nyuma akauliza, "Pasta, mianzi imebaki mingapi?"

Imebaki minne.