Horohoro: Ng'ombe waliposhuka, picha ikawa ushahidi

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni takriban kilomita 65 za lami. Wasafiri wengi huzipita bila kutazama nje. Mawazo yao yako kwenye foleni ya uhamiaji, fedha za kubadilisha na gari la kuwafikisha Lunga Lunga, upande wa Kenya.

Septemba iliyopita mimi niliteremka kabla ya kufika mpakani. Nilikuwa nimemaliza kuandaa habari ya chanjo za watoto, nikabakiwa na siku moja na kamera.

Nilikuwa nimeona picha za Uswisi na Austria. Mwezi kama huo, ng'ombe hushushwa kutoka malisho ya milimani wakiwa wamevishwa mashada ya maua na kengele kubwa shingoni, na wanakijiji hujipanga barabarani kuwatazama. Nikajiambia, hata sisi tunao wa kwetu. Kiangazi kikikaza, kabla ya mvua za vuli, wafugaji wa nyika ya Mkinga huswaga mifugo kufuata maji na majani. Mto Umba, unaoanzia milima ya Usambara, hupita huku kabla ya kuvuka mpaka na kumwaga maji baharini karibu na Vanga.

Kwetu hakuna maua. Saa moja asubuhi niliona vumbi kwanza, nikasikia kengele, ndipo nundu zikajitokeza. Mbele alitembea mzee wa Kimaasai, fimbo mabegani. Nyuma walikuja vijana wawili na mbwa, na mwisho kabisa wanawake na punda waliobeba vyombo, ngozi na mtoto mmoja aliyelala fofofo.

Nilimwamkia mzee na kuomba ruhusa ya kupiga picha.

"Piga," akasema. "Ila usiwahesabu."

Nikacheka. Yeye hakucheka, nami nikanyamaza.

Nilisimama upande upepo unakotoka ili vumbi lisinifuate. Nilikuwa nimeinua kamera pale ng'ombe watano walipochepuka na kuingia kwenye shamba la mihogo. Kidole kilibonyeza chenyewe. Kijana akakimbia kuwatoa, lakini majani ya tuta zima yalikuwa yameshaliwa.

Mwenye shamba, bibi wa makamo, akatokea na kanga kiunoni. Hakumwendea mfugaji, alinijia mimi.

"Mwanangu, umepiga? Usiifute hiyo. Inakwenda kwa mwenyekiti."

Kijana naye akaja, anahema. "Dada, ifute. Ikifika huko nitalipishwa hata mihogo iliyoliwa na makundi ya jana."

Sikujua la kufanya. Kila mmoja alikuwa na hofu yake. Kwa bibi, ile mihogo ndiyo chakula cha wajukuu mpaka vuli. Kwa kijana, faini kubwa maana yake ni kuuza ndama. Nchini mwetu watu wamepoteza maisha kwa ugomvi wa mkulima na mfugaji ulioanza na kitu kidogo kama tuta moja.

Nikawaita wote pamoja na mzee chini ya mkorosho, nikaikuza picha kwenye kioo cha kamera. Tuliitazama vichwa vikigusana. Ng'ombe watano walionekana wazi, na majani mabichi yalikuwa midomoni. Lakini nyuma yao matuta mawili yalikuwa na mashina yaliyovunjika na majani yaliyokwisha kunyauka. Hayo hayakuliwa asubuhi ile.

Bibi aliangalia muda mrefu. "Haya," akasema, "tuta moja ni lako. Mawili nitamtafuta mwenyewe."

Mzee hakubisha. Alifungua fundo la shuka akatoa fedha, wakapunguzana na kuongezana hadi wakakubaliana. Kumbe walifahamiana. Kundi likipiga kambi karibu, bibi hununua maziwa kwa mke wa mzee. Sikuifuta picha. Niliituma kwenye simu ya mjukuu wa bibi, na kijana aliridhika kwa kuwa ilionyesha pia kile ambacho hakufanya.

Bibi alitukaribisha chai ya maziwa, na aliyachemsha mpaka yakafura. Hapo mwandishi wa afya akaamka ndani yangu. Mama mmoja wa Kimaasai alisema kwake huyanywa mabichi, kwani yakichemshwa hupoteza ladha. Nilimweleza kwamba maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na brusela. Huo wa pili huleta homa inayokwenda na kurudi, jasho usiku na maumivu ya viungo, na wengi huudhania malaria. Basi nawe msomaji, kama unaishi na mifugo au unanunua maziwa mabichi, yachemshe. Homa isipoisha baada ya dawa, rudi kituo cha afya na uwaambie kwamba unakunywa maziwa au unahudumia ng'ombe.

Mama yule alinisikiliza, akaniuliza kliniki ya watoto ni siku gani na iko wapi. Nikamwonyesha njia. Kadi ya mtoto ilikuwa ndani ya kibuyu kikavu, imefungwa kwenye plastiki, safi kuliko yangu ya bima.

Mnayoiona hapa ni picha ya vumbi na nundu. Ile ya mihogo ni ya wenyewe.