Matela Yameongezeka, Vikosi Vimepungua

Ukikaa jukwaani kwenye uwanja wa Lucas Oil, Indianapolis, usiku wa fainali mwezi wa nane, utaona vijana zaidi ya 150 wakikatiza uwanja kwa hatua moja, matarumbeta juu, ngoma zikijibizana, bendera na bunduki za mbao zikirushwa hewani na kudakwa. Baada ya dakika kama 12 wanatoka, na wewe unapiga makofi mpaka viganja vinauma. Usichokiona ni mlango wa nyuma, tunakokaa sisi watu wa malori.

Mimi ni dereva wa tela. Malori nilianzia njia ya Segera, Tanzania, siku hizi naishi Indiana, na kila kiangazi naajiriwa na kikosi kimoja cha drum corps, yaani bendi ya ngoma na matarumbeta inayozunguka miji kwa mashindano ya gwaride, Juni mpaka Agosti. Jina la kikosi nalihifadhi kwa sababu kazi bado naihitaji. Nina jambo moja la kusema, na watu wa jukwaani hawalipendi: mchezo huu unauawa na mzigo wake wenyewe.

Walionifumbua macho ni wazee. Kila kikosi kina wazee wake, watu wa miaka 60 na 70 waliocheza ujanani na sasa wanajitolea. Huyu anasugua masufuria kwenye tela la jikoni, yule anashona sare zilizochanika, mwingine anaendesha kigari cha maji. Kazi yetu nusu yake ni kusubiri, na wakati wa kusubiri wanakalia ndoo zilizopinduliwa kando ya tairi zangu, wanaongea.

Vikosi hivi, wanasema, vilianzishwa na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Vyama vyao, American Legion na VFW, vilikuwa na watu waliojua mabaragumu na ngoma za jeshi, wakaunda vikosi vya kwao, baadaye vya watoto wao. Parokia za Kikatoliki zikaingia, skauti nao wakaingia. Mtoto wa fundi bomba alikwenda kanisani jioni, akakabidhiwa ngoma, wala hakuna aliyeuliza baba yake ana dola ngapi. Mtu wa pwani hilo halimshangazi. Ngoma zetu za beni, Arinoti na Marini, nazo ziliiga bendi za jeshi la wakoloni, zikawa za mtaa, zikashindana mpaka watu wakaingia madeni kwa ajili ya sifa.

Mzee mmoja aliyecheza miaka ya 1960 bado anatembea na baragumu lake. Alinipa nilishike. Ni la sauti ya G, lina vali moja tu iliyolala ubavuni, unaibonyeza kwa kidole gumba. Kuna noti ambazo halina, na aliyepanga muziki ilibidi azikwepe. Mwaka 1977 vali mbili za wima zikaruhusiwa, 1990 zikawa tatu, na 2000 sharti la G lenyewe likafutwa. Leo wanapiga matarumbeta ya kawaida ya B-flat, na tangu 2014 hata tromboni zinaingia uwanjani. Kuna wazee wanaolililia hilo mpaka kesho. Huyu wangu hapana. Anasema vijana wa sasa wanapiga vizuri kuliko walivyopiga wao. Mimi si mwanamuziki, lakini nimewasikia wakipasha vyombo moto kwenye maegesho saa mbili usiku, na simbishii.

Anachokisimulia kwa uchungu ni namna ya kuhukumu. Zamani mwamuzi aliingia uwanjani katikati ya wapigaji, ubao wa karatasi mkononi, akainama karibu na ngoma ya snea kusikiliza fimbo. Kosa moja, sehemu moja ya kumi ya alama imekwenda. Mfumo huo uliachwa 1984. Badala ya kukata makosa, waamuzi wakawa wanajenga alama kwa kile walichopewa, na sehemu kubwa ya alama hizo ni za athari ya onyesho kwa mtazamaji. Nadhani mlango ulifunguka hapo. Usahihi unapatikana kwa mazoezi, na mazoezi yanataka jasho tu. Athari inaweza kununuliwa, na ukishainunua inabidi ibebwe.

Fuatilia zile ngoma kubwa za timpani uone. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 wapigaji walizibeba kwa mikanda, kila mtu na yake, wakitembea. Mzee wa kigari cha maji alikuwa mmoja wao, na bega lake la kushoto limeshuka mpaka leo. Kisha sheria ikaruhusu vyombo vizito viwekwe chini mbele ya uwanja. Vilivyowekwa chini vikapata magurudumu, vyenye magurudumu vikapata fremu za chuma, na fremu zikaanza kukua. Mwaka 2004 vipaza sauti vikaruhusiwa, 2009 vinanda vya umeme na sauti za kompyuta. Mwaka hata mwaka.

Sasa nikufungulie mlango wa tela. Lina futi 53. Ndani kabisa zinaingia marimba kubwa, kila moja na fremu yake, zimevikwa magodoro ya kitambaa zisikwaruzane. Zinafuata vibrafoni, timpani, gongo. Halafu spika: zile za besi hazibebwi na watu wawili, zinasukumwa. Kuna kabati la mikseri linalofungwa kwa mikanda minne kwa sababu ni ghali kuliko gari langu la nyumbani. Kuna masanduku ya nyaya, jenereta, na makasha ya ngoma na tuba. Hilo ni tela la vyombo peke yake. Tela la pili ni la mapambo: ngazi, majukwaa, kuta za kitambaa kwenye fremu za alumini, kila kipande na magurudumu yake na pini zake. Tela la tatu ni jiko, maana vijana hawa wanakula milo minne kwa siku. Nyuma ya hayo yanakuja mabasi.

Mwaka mmoja mbunifu alituletea ukuta aliouchora kwenye kompyuta. Ulikuwa mzuri sana. Ulipofika mlangoni mwa tela ulizidi kimo kwa upana wa kiganja. Fundi wa kuchomea aliukata usiku ule ule, akautia bawaba, na kuanzia hapo ukuta ukawa unakunjwa na vijana sita kila tunapopakia. Hao sita ndio utingo wangu. Wametoka kucheza kwenye joto la Texas, wametembea kilomita sijui ngapi kwa siku, na saa sita usiku wanakunja ukuta. Tukimaliza tunaendesha usiku kucha, wao wamelala kwenye viti vya basi, kisha alfajiri wanajilaza kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo wa shule fulani kwa saa chache kabla ya mazoezi kuanza.

Kwenye uwanja mmoja wa shule kule Pennsylvania, mvua ya radi ilikuwa imetoka kupita. Mikseri ikagoma kuwaka. Fundi sauti akabadilisha waya, akabadilisha chanzo cha umeme, akalala chini ya kabati na tochi mdomoni. Ratiba ya mashindano haina huruma: muda wako ukifika unaingia, uwe tayari usiwe tayari. Vijana waliingia bila spika. Msichana wa tarumbeta aliyekuwa na kipande cha peke yake, kilichopangwa kwa maikrofoni, hakusikika hata na mimi niliyekuwa pembeni. Marimba zilimezwa. Palikuwa na mahali ambapo sauti ya mlipuko kutoka kwenye kompyuta ndiyo huwaangusha washika bendera wote chini. Mlipuko haukuja, lakini wao walianguka vile vile, kwa wakati wao, na watu jukwaani wakatazamana.

Mzee wa baragumu alikuwa kando yangu, hakucheka. "Sisi kilichokuwa kinagoma ni vali," akasema, "na mafuta yake yalikuwa mfukoni."

Vikosi vyenyewe vilikuwa mamia miaka ya 1970, karibu kila mji wa viwanda ulikuwa na chake. Ubingwa wa kwanza wa chama cha sasa, DCI, ulichezwa Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972, wakashinda Anaheim Kingsmen kutoka California. Kingsmen hawapo siku nyingi. Daraja la juu leo lina vikosi kama 20. Santa Clara Vanguard, mabingwa wa 2018, hawakutoka kabisa 2023 kwa sababu ya fedha. The Cadets, walioanza 1934 kwenye parokia ya Garfield, New Jersey, na kuchukua ubingwa wa DCI mara kumi, walifunga 2024 kwa uzito wa kesi mahakamani na gharama zake. Siku habari ile ilipotoka, yule mama wa sare, ambaye wala hakuwahi kuwa wa kwao, alizima cherehani akatoka nje.

Na waliobaki, bili analipa nani? Kijana mwenyewe. Ada ya kiangazi kimoja ni kiasi cha dola 5,000, kwingine zaidi, mbali na nauli za kambi za majira ya baridi. Umri unawakimbiza pia, maana mtu akikaribia miaka 22 muda wake umekwisha. Kuna kijana wa snea aliyefaulu majaribio yote, jina lake likabandikwa kwenye kasha la ngoma, na mwezi wa nne akapiga simu kwamba nyumbani wameshindwa. Kasha tulisafiri nalo kiangazi kizima, jina la mwingine limebandikwa juu ya gundi ya lile la kwanza. Huyo mwingine alikuwa mpigaji mzuri, lakini siyo mzuri kama yule, na walimu walijua.

Watu wakisikia haya husema wazee wana wivu, au kwamba sanaa lazima ikue. Ikue. Mimi onyesho zuri nalipenda, na zile kuta zikikaa sawa chini ya taa hata mimi nasimama. Ninachosema ni hesabu ya barabarani. Kila pambo lina dizeli yake, bima yake, dereva wake na mikono yake sita ya saa sita usiku, na mwishoni mwa Agosti halina kazi tena, kwa sababu onyesho la mwaka ujao ni lingine. Alumini tunaipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nimeipima kwenye mizani yao: hailipi hata mafuta ya kuifikisha pale.

Desemba kikosi kilifanya mkutano wake wa mwaka, wakaniita niseme mzigo mpya utaenea au hautaenea. Nilikwenda na futi yangu. Mbunifu akaonyesha michoro. Mzee wa baragumu akauliza ada itapanda kiasi gani, akajibiwa kwamba hilo litajadiliwa na kamati nyingine. Nikawaambia kwa vipimo vile, hautaenea kwenye matela matatu. Wakashukuru, wakapiga kura, na tela la nne likakodiwa kabla ya Krismasi. Dereva wake hajapatikana bado. Kama kuna ndugu huku Marekani mwenye leseni ya magari makubwa na anaweza kulala kwenye kebini miezi miwili mfululizo, nafasi ipo. Malipo ni ya wastani, chakula ni bure.