Wiki ya zlib, Ibanda, 2002

Machi 2002 Bukavu ilikuwa bado mikononi mwa waasi wa RCD. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka tarehe 17 Januari, na jamaa wengi waliotoka Goma walikuwa wakiishi kwetu. Nyumba ya intaneti nilikofanya kazi, katika komini ya Ibanda, haikutulia: watu waliwaandikia ndugu zao wa Brussels na Nairobi kwa malipo ya dakika. Kompyuta zote zilipitia seva moja ya Linux, Debian 2.2.

Ndipo ikaja habari ya zlib. Hii ni maktaba ndogo ya kubana na kufumua data, na programu nyingi mno huitegemea badala ya kuwa na yao. Ilibainika kwamba data iliyopotoshwa, kwa mfano picha ya PNG, huifanya iachilie sehemu ileile ya kumbukumbu mara mbili. Programu huanguka, na mdukuzi hodari huweza kuingia. Wenye zlib wakatoa toleo 1.1.4, Debian wakaingiza marekebisho hayo katika toleo walilokuwa nalo.

Tajiri alinijia na hofu. “Fundi, tujenge upya programu zote?”

“Hapana, Papa. Tubadilishe maktaba hii moja, kisha tuangalie.”

Umeme wa SNEL ulikuwa unakatika ovyo. Kukompaili programu zote kwenye mashine ile kungekula siku nyingi. Tena hakukuwa na haja. Nilimwonyesha jibu la ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu huziita, kwa sshd, huduma ya kuingia kwenye seva kutoka mbali: kati ya mistari ile ulikuwepo libz.so.1. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ahadi ya maktaba kwa wanaoitegemea. Toleo lililorekebishwa lilibaki na 1 ileile, kwa hiyo kila programu iliyoiita ingepata dawa bila kuguswa. Lakini sshd iliyokwisha kuwashwa ilikuwa bado imeshika faili la zamani: kwenye /proc liliandikwa kuwa limefutwa, nalo lingali likitumika. Tukaiwasha upya. Hatua hii mafundi wengi waliisahau, wakalala wakidhani wamepona.

Uzito ulikuwa kwingine. Kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, ldd haikutaja libz hata kidogo, kwa kuwa rsync ilibeba nakala yake tumboni. Hapo hubadilishi kitu mpaka programu yenyewe ijengwe upya, na ppp, ya kuunganisha seva na mtandao, vilevile. Debian walizijenga, nasi tukazipakua usiku wateja walipoondoka. Iliyobaki ni programu ya kuhesabu dakika, tuliyouziwa na kampuni moja ya nje bila msimbo wake. Nayo ilikuwa na zlib ndani. Tuliandika barua, hatukujibiwa. Nilimwambia tajiri tuitoe kwenye seva, naye akakubali kurudi kwenye daftari. Hadi leo naona alifanya uamuzi wa mtu mzima.

Kujenga upya kila kitu nilikuja kukuona mwaka uliofuata. GCC 3.2 ilikuwa imebadilisha namna programu za C++ zinavyoungana zikishakompailiwa, na kiraka hakingesaidia. Debian walianza na maktaba za chini, wakazipa majina yenye c102 ili za zamani zisichanganyike na mpya, kisha wakapanda kwa zinazozitegemea. Ukikosea mpangilio huo, programu hukataa kuwaka, au huwaka na kufa katikati ya kazi.

Hali ya zlib ilijirudia Aprili 2014, ilipofichuka Heartbleed, kasoro ya maktaba ya usimbaji ya OpenSSL: toleo lililorekebishwa, 1.0.1g, lilihifadhi jina la maktaba. Waliotegemea maktaba ya pamoja walibadilisha kifurushi, wakawasha huduma upya, kisha wakabadilisha funguo. Wenye nakala za ndani walijenga upya.

Leo vijana wetu wa Bukavu wanaandika kwa Go na Rust, ambazo kwa kawaida hufunga maktaba ndani ya programu. Nawasihi waandike tangu siku ya kwanza orodha ya kilichomo, pamoja na matoleo yake, na wasinunue programu ya seva kwa mtu asiyeweza kuwapa orodha hiyo.